Watu kumi wakitimia: Wayahudi wa Mbale na jumuiya iliyokataa kufa

Nje kidogo ya mji wa Mbale, mashariki mwa Uganda, kuna kilima kinachoitwa Nabugoye. Kila Ijumaa jua linapoanza kushuka, watu hukipanda kutoka mashambani na mitaani: wazee na wajukuu wao, akina mama wenye watoto mgongoni, wanafunzi waliotoka shule muda mfupi uliopita. Wanaume wengi wamevaa vikofia vya kufuma. Wanaingia sinagogi, mishumaa inawashwa, na Zaburi zinaanza kuimbwa kwa Kiebrania na Kiganda, kwa sauti ambazo wenyeji wamezitunga wenyewe. Mwaka 2003 shirika la Smithsonian Folkways la Marekani lilitoa albamu ya nyimbo hizo, na baadaye albamu hiyo ikawania tuzo ya Grammy.

Hawa ndio Abayudaya, Wayahudi wa Uganda. Hawadai kuwa kabila lililopotea la Israeli wala kuwa na damu ya wahamiaji wa Kiyahudi. Mababu zao walikuwa wakulima wa Kiafrika walioisoma Biblia, wakaamua, na wakabaki na uamuzi wao. Leo wanakadiriwa kuwa 2,000 au zaidi. Ukiangalia yaliyowapata ndani ya karne moja, unaona wazi kuwa dini peke yake isingewafikisha hapa. Waliowafikisha ni watu waliokubali kuhesabiwa, kutoa, na kumfungulia mlango mgeni.

Jemadari aliyeamua

Chanzo cha jumuiya hii ni Semei Kakungulu, jemadari wa Kiganda aliyewasaidia Waingereza kuitiisha mashariki ya Uganda mwanzoni mwa karne ya 20. Mji wa Mbale wenyewe ulianza kama makazi yake. Kakungulu alitarajia kuwa mfalme wa eneo aliloliteka, lakini wakoloni wakazidi kumpunguzia madaraka. Akajitenga nao, akajiunga na Wamalaki, kundi la Wakristo waliokataa dawa za hospitali, na huku akiendelea kusoma Biblia kwa makini.

Kadiri alivyosoma Torati ndivyo alivyozidi kuamini kuwa amri zake hazijafutwa. Mwaka 1919 akajitahiri na kuwatahiri wanawe. Inasimuliwa kuwa wenzake walimwonya kwamba kutahiriwa ni mambo ya Wayahudi, naye akajibu kwamba kama ni hivyo, basi yeye ni Myahudi. Waliomfuata wakawaacha Wamalaki pamoja naye.

Mwanzoni walikuwa na ari kuliko elimu. Hawakuwa na kalenda ya Kiyahudi, hawakujua mpangilio wa sala wala taratibu za kuchinja. Mwaka 1920 akapita Myahudi mgeni anayekumbukwa kwa jina moja tu, Yosef. Kakungulu alimkaribisha, na kwa miezi kadhaa Yosef akawafundisha sikukuu, vyakula halali na haramu, na namna ya kuitunza Sabato. Kisha akaenda zake. Aliyoyaacha yakawa msingi wa maisha yao kwa miongo iliyofuata. Mwaka 1922 Kakungulu aliandika kitabu cha mafundisho na sala kwa ajili ya wafuasi wake. Alifariki mwaka 1928, akiacha jumuiya ya wakulima ambayo sehemu kubwa ya Wayahudi duniani hawakujua kuwa ipo.

Kwa hiyo tangu mwanzo jumuiya hii ilijengwa na mgeni aliyepewa mahali pa kulala na watu waliokuwa tayari kumsikiliza. Kama Kakungulu angemwona Yosef mpita njia asiyemhusu, huenda historia ya Nabugoye ingeishia hapo.

Miaka ya kujificha

Kisha akaja Idi Amin. Alichukua madaraka mwaka 1971, na mwaka uliofuata akawafukuza Waisraeli waliokuwa wakifanya kazi Uganda. Dini ya Kiyahudi ikapigwa marufuku. Masinagogi yakafungwa na watu wakasali kwa siri. Wengi waliamua kuingia Ukristo au Uislamu ili wapate amani, na hakuna wa kuwalaumu. Hofu ya miaka ile inajulikana Afrika Mashariki nzima. Jumuiya iliyokuwa na watu wapatao 3,000 ikabaki na watu wapatao 300.

Tarehe 11 Aprili 1979, Jeshi la Wananchi wa Tanzania pamoja na Waganda waliokuwa uhamishoni waliiteka Kampala, na utawala wa Amin ukaanguka. Kwa kalenda ya Kiyahudi, jioni ya siku hiyohiyo ndiyo ilikuwa jioni ya kwanza ya Pasaka, usiku ambao Wayahudi popote walipo hukaa mezani na kuwasimulia watoto jinsi wazee wao walivyotolewa utumwani Misri. Abayudaya wameikumbuka sadfa hiyo hadi leo. Kwa Mtanzania anayeisoma vita ile kupitia majina ya Kagera, Masaka na Entebbe, ni vizuri ajue kuwa huko Mbale zipo familia ambazo kwao ushindi ule ulimaanisha kuisherehekea Pasaka bila woga.

Hao 300 waliobaki walikuwa wametawanyika na hawakuwa na mali. Miaka ya 1980 vijana wachache, wakiwamo ndugu wa familia ya Keki, waliungana na kuanza kuishi na kufanya kazi pamoja kwa mfano wa kibbutz, vijiji vya ushirika vya Israeli. Walilima, wakajifunza Kiebrania kwa vitabu walivyovipata, wakawashawishi wazee kurudi kwenye sala. Bila wao, Nabugoye huenda leo ingekuwa kilima kama vilima vingine.

Namna ya kuhesabiwa

Ili kuelewa uzito wa kubaki wachache, ni lazima kujua kanuni moja ya Kiyahudi. Sala nyingi mtu anaweza kuzisali akiwa peke yake nyumbani. Lakini zipo ambazo hazisomwi mpaka watimie watu wazima 10. Bila hao, Torati haitolewi kabatini kusomwa hadharani. Bila hao, aliyefiwa na mzazi hawezi kusoma Kadishi, sala ya kumtukuza Mungu ambayo mila inamtaka aisome kwa miezi 11. Mfiwa aliye peke yake hana namna. Anahitaji wengine 9 waamke, watoke majumbani mwao na waje wasimame naye.

Namna ya kuwahesabu hao 10 nayo ina utaratibu wake. Kwa mila ya Kiyahudi si vizuri kuwahesabu watu moja, mbili, tatu kama mifugo. Biblia inasimulia jinsi tauni ilivyofuata sensa ya Mfalme Daudi. Basi msimamizi wa sala huchukua aya ya Zaburi ya 28 ambayo kwa Kiebrania ina maneno 10, akaisoma taratibu huku akiwatazama waliopo, kila mtu neno lake. Neno la mwisho likimpata mwenyewe, sala inaanza. Likibaki bila mtu, wote wanangoja, na mmoja anatoka nje kuangalia njiani kama kuna anayekuja. Anayeingia akiwa wa kumi, hata kama ni mgeni asiyejulikana na mtu, hata kama sala zenyewe hazijui vizuri, ndiye aliyekuwa akingojwa na watu wote mle ndani.

Jumuiya hazihesabu kwa namna moja. Nabugoye, inayofuata mkondo wa Masorti, unaoitwa pia Conservative, wanawake wanahesabiwa sawa na wanaume. Kwenye kijiji cha Putti, ambako kuna Abayudaya wa mkondo wa Kiothodoksi, wanahesabiwa wanaume. Pande zote mbili, hata hivyo, tajiri na maskini kila mmoja ana neno lake moja. Mwenye mashamba makubwa hawezi kuhesabiwa mara mbili, na asiye na kitu haachwi. Kwa jumuiya ya watu 300 waliotawanyika vijijini, kufika tu ilikuwa ni kutoa.

Kutoa bila kapu la sadaka

Anayetoka kanisani Jumapili amezoea kuona kapu la sadaka likipita. Kwenye sinagogi siku ya Sabato hakuna kapu. Kushika fedha siku hiyo kumekatazwa, kwa hiyo mwenye kitabu cha michango hakifungui na anayetaka kuchangia husubiri Sabato iishe. Katika nchi kama Marekani na Uingereza, jumuiya nyingi huendeshwa kwa ada ya uanachama ya mwaka: ndiyo inayomlipa rabi, kukarabati paa, kuendesha madarasa ya watoto na kutunza makaburi. Nyingi zina kikundi cha kujitolea kinachoosha maiti na kuandaa maziko bila malipo. Sisi wenye vyama vya kuzikana tunaijua kazi hiyo na tunajua thamani yake.

Msingi wa michango hiyo uko kwenye kitabu cha Kutoka, sura ya 30. Wana wa Israeli walipohesabiwa jangwani, kila mtu alitakiwa kutoa nusu shekeli. Tajiri asizidishe na maskini asipunguze. Kilichohesabiwa ni vipande vya fedha, wala si vichwa vya watu. Kwa maneno mengine, mtu aliingia kwenye hesabu ya watu wake kwa kile alichokitoa. Sioni fundisho lililo bora kuliko hilo kuhusu kuwa mwanachama wa jumuiya yoyote. Atakayesema yeye ni wetu lakini hatumwoni akifika wala kushika kazi, jina lake tunalo ila yeye mwenyewe hatunaye.

Kule Mbale fedha zimekuwa haba siku zote, kwa kuwa wengi ni wakulima wadogo. Wametoa walichonacho: nguvu, mazao, muda wa kuwafundisha watoto. Misaada ya nje ilianza kuja miaka ya 1990, baada ya wanafunzi Wamarekani waliokuwa Kenya kufika Mbale mwaka 1992 na habari kusambaa. Mwaka 1995 ukafuata ujumbe wa shirika la Kiyahudi la Kulanu. Kutokana na urafiki huo zimepatikana shule za Hadassah na Semei Kakungulu, kituo cha afya mjini Mbale, na mwaka 2016 sinagogi jipya, kubwa zaidi, pale Nabugoye.

Misaada ina hatari zake, na mtu yeyote wa Afrika Mashariki aliyeuona mradi ukifa mara tu mfadhili alipoondoka anazijua. Ndiyo maana mimi naona jambo kubwa zaidi ni namna jumuiya hii ilivyotumia ilichopewa. Shule zile hazikuwekwa kwa Wayahudi peke yao. Watoto wa Kikristo na wa Kiislamu husoma humo, na kituo cha afya hakimwulizi mgonjwa dini yake. Kilichotoka Marekani kwa ajili ya Wayahudi kiligeuka kuwa mali ya majirani wote. Jumuiya ndogo inayoishi hivyo inajijengea ulinzi ambao fedha haziwezi kuununua.

Kahawa ya dini tatu

Hilo linaonekana vizuri zaidi kwenye kahawa. Joab Jonadab Keki, mmoja wa viongozi wa Abayudaya, alikuwa New York tarehe 11 Septemba 2001, magaidi walipoyaangusha majengo pacha. Alirudi nyumbani akiwa na wazo kwamba watu wa dini tofauti wanapaswa kuonekana wakifanya kitu pamoja. Akapita nyumba kwa nyumba kuzungumza na wakulima wenzake Waislamu na Wakristo. Mwaka 2004 kikaanzishwa chama cha ushirika cha Peace Kawomera, na kampuni ya Thanksgiving Coffee ya California ikakubali kununua kahawa yao kwa bei ya biashara ya haki.

Kahawa ya arabika inayolimwa kwenye miteremko ya Mlima Elgon haivumilii uzembe. Mkulima huchuma tunda jekundu tu, moja moja kwa mkono, na kuliacha la kijani liive. Siku hiyohiyo matunda yanamenywa ganda, punje zinalazwa zichachuke, zinaoshwa utelezi, kisha zinaanikwa juani na kugeuzwa mara kwa mara. Punje chache mbichi au zilizovunda huharibu ladha ya gunia zima, na mnunuzi akionja hatajua zimetoka shamba la nani. Kwa hiyo Myahudi anahitaji jirani yake Mwislamu achume vizuri, na Mwislamu anamhitaji Mkristo aanike vizuri, kwa sababu bei ni moja na jina kwenye pakiti ni moja. Watu wanaotegemeana hivyo hujifunza kuaminiana bila kuhubiriwa. Wakulima hao wametunga nyimbo kuhusu ushirika wao, na mwaka 2013 Smithsonian Folkways ikatoa albamu nyingine, ya nyimbo hizo.

Kukubaliwa, na kutokukubaliwa

Kuwapokea watu wapya si jambo jepesi katika Uyahudi. Mila ya zamani inamtaka rabi amrudishe anayeomba kuingia, tena mara tatu, ili aone kama ana nia ya kweli. Lakini akishaingia, ameingia. Kitabu cha Ruthu, mwanamke wa Moabu aliyejiunga na watu wa mama mkwe wake na kuwa bibi wa ukoo wa Mfalme Daudi, husomwa kila mwaka kwenye sikukuu ya Majuma. Katika karne ya 12, Musa bin Maimuni, tabibu na mwanachuoni wa Misri anayejulikana pia kama Maimonides, aliulizwa na mwongofu aitwaye Obadia kama anaruhusiwa kusali kwa Mungu wa baba zetu hali yeye baba zake hawakuwa Wayahudi. Akamjibu kuwa anaruhusiwa, na kwamba hakuna tofauti yoyote kati yake na wao.

Abayudaya wameyaonja yote mawili, kupokewa na kukataliwa. Februari 2002 jopo la marabi kutoka Marekani na Israeli lilifika Mbale, likawahoji mamia ya watu na kuwathibitisha kwa taratibu za uongofu, ikiwemo kuzamishwa majini. Wapo waliouliza kwa nini waongoke tena watu ambao familia zao zimetunza Sabato kwa zaidi ya miaka 80. Wengi walikubali, wakalichukua tendo lile kama kuthibitisha kile walichokuwa tayari. Mwaka 2008 Gershom Sizomu, mmoja wa vijana wale wa miaka ya 1980, alihitimu na kuwa rabi baada ya masomo mjini Los Angeles, akarudi Nabugoye kuwafundisha watu wake. Mwaka 2016 wapiga kura wa Bungokho Kaskazini, ambao karibu wote si Wayahudi, walimchagua kuwa mbunge.

Upande wa pili, mwaka 2018 Wizara ya Mambo ya Ndani ya Israeli ilikataa ombi la kijana mmoja wa Abayudaya la kuhamia nchini humo kama Myahudi. Jambo hilo liliwaumiza wengi, na lina haki ya kuumiza. Mtu anayefunga siku ya Upatanisho, aliyezika wazee wake kwa sala za Kiyahudi, ambaye babu yake alijificha enzi za Amin kwa ajili ya imani hiyo, anaposikia kuwa karatasi zake hazitoshi, anaambiwa kuwa wale 300 waliobaki walibaki bure. Hata hivyo Jumamosi iliyofuata sala ziliendelea Nabugoye kama kawaida, kwa kuwa ofisi ya serikali haina uwezo wa kuamua nani afike.

Mlango na mlinzi

Ukarimu wa kumfungulia mgeni mlango una gharama, na ni haki kuitaja. Jumuiya ya Wayahudi wa Nairobi, iliyoanzishwa mwaka 1904 na kujenga sinagogi lake la kwanza mwaka 1913, leo inasali kwenye jengo lililofunguliwa mwaka 1955 kwenye kona ya University Way na Uhuru Highway. Mapema walikuwa humo walowezi kama Abraham Block, mzaliwa wa Lithuania, na katikati ya miaka ya 1950 kiongozi wao Israel Somen alikuwa meya wa jiji. Mgeni anayetaka kusali hapo huombwa ajitambulishe mapema na kuonyesha kitambulisho. Hiyo isichukuliwe kuwa ni kiburi. Oktoba 2018 mtu mwenye bunduki aliingia sinagogi la Tree of Life mjini Pittsburgh, Marekani, siku ya Sabato, akaua waumini 11.

Januari 2022, huko Colleyville, Texas, mtu asiyejulikana alibisha hodi asubuhi ya baridi. Rabi Charlie Cytron-Walker alimwingiza na kumtengenezea chai. Mgeni yule akatoa bunduki na kuwashika mateka watu wanne kwa saa nyingi. Wote walitoka salama, na baadaye rabi huyo alisema mafunzo ya usalama aliyopata ndiyo yaliyowaokoa, lakini hakuacha kutetea ukarimu. Nakubaliana naye. Jumuiya inayomweka mlinzi getini ili watu waendelee kuingia imechagua vizuri. Mlinzi anayewekwa ili watu wasiingie kabisa analinda jengo ambalo muda si mrefu litakuwa tupu.

Nabugoye inaonyesha hesabu hiyo kwa uwazi. Yosef alipokewa, naye akawaachia sikukuu na Sabato. Wanafunzi wa mwaka 1992 walipokewa, na kwao ikatoka njia ya shule na kituo cha afya. Majirani Waislamu na Wakristo waliitwa wakae kwenye chama kimoja, na kahawa ikapata soko. Kila mara mlango ulipofunguliwa, waliokuwa ndani ndio waliofaidika kwanza. Lakini mlango huo ulihitaji watu wa kuufungua, na hao ni wale 300 ambao, kwa miaka ya Amin ambayo kuhesabiwa kungeweza kuwagharimu maisha, walikubali kuhesabiwa. Vijana wanaohamia Kampala kutafuta kazi wanaurithi mzigo huo: watafute wenzao mpaka watimie 10 popote walipo, watoe walichonacho, na wamwachie nafasi wa kumi na moja.